Kabla ya Kufuta Ubao

Sisi wazee tuliozaliwa Dar es Salaam, tukikutana msibani au harusini, mazungumzo yetu hayachelewi kufika kwenye majengo. Mmoja atauliza iko wapi nyumba ile ya kona iliyokuwa na mkungu uani. Mwingine atamjibu kwamba pale sasa pamesimama ghorofa 10, chini maduka ya simu, juu stoo za nguo. Tutaguna na kutikisa vichwa, kisha atatokea mmoja wetu atoe hukumu ambayo wote huiafiki: "Wachora ramani ndio waliotumalizia mji wetu." Hukumu ikishatolewa, sinia ya pilau huwekwa katikati, nasi huhamia kwenye habari za ugonjwa wa sukari.

Hukumu hiyo hata mimi nimeitoa mara nyingi, tena kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Nilisimama mbele ya ubao kwa miaka 36, kwanza nikifundisha Historia katika shule za sekondari, kisha nikiwaandaa walimu katika chuo cha ualimu ambacho nilikuja kukiongoza hadi nilipostaafu mwaka 2010. Mtu wa historia akisema kwamba mji umefutwa, watu humwamini. Lakini kadiri umri unavyosogea, naona kwamba katika mahakama yetu ya msibani mshitakiwa alikuwa mmoja tu, na washitakiwa wengine tulikuwa tumekalia viti vya mahakimu. Ndiyo sababu nimeona niliandike jambo hili nikiwa bado nalikumbuka vizuri.

Swali lenyewe ni hili: msanifu majengo anapochora jengo jipya juu ya kiwanja chenye jengo la zamani, je, anatenda kosa? Na kama ni kosa, ni lake peke yake?

Kwanza tuwape haki yao wanaomlaumu. Kalamu ya msanifu si kitu kidogo. Mwandishi akiandika upuuzi, msomaji anaweza kukifunga kitabu na kwenda zake. Msanifu akikosea, watu huzaliwa, huoana na kufa ndani ya kosa lake. Mji wetu ni ushahidi wa jambo hilo. Wajerumani waliufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na hawakuchelewa kutunga kanuni za ujenzi zilizoeleza nyumba ya namna gani ijengwe sehemu gani. Waingereza waliokuja baada yao waliuendeleza mpango huo, na katika miaka ya 1920 mji ukawa na kanda 3: ya kwanza ya nyumba za namna ya Kizungu, ya pili ya maduka na makazi ya watu wa biashara, ya tatu ya nyumba za wenyeji. Kati ya kanda ya pili na ya tatu paliachwa uwanja mtupu, ambao ndio viwanja vyetu vya Mnazi Mmoja. Jambo la kuzingatia ni kwamba kanda hizo zilielezwa kwa aina ya nyumba, si kwa rangi ya mtu. Ukuta na paa vilitosha kusema yote. Hivyo ndivyo tulivyopata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mimi nilizaliwa Uswahilini, Kariakoo, mwaka 1950, na nilijua upana wa Mnazi Mmoja kabla sijajua kusoma.

Kwa hiyo siwezi kuungana na wale wanaosema kwamba kila cha zamani kihifadhiwe kwa kuwa ni cha zamani. Uzee si utakatifu. Nayasema hayo nikiwa mzee. Yapo majengo yaliyojengwa ili kutuweka mbali, na yapo yaliyojengwa ili kututisha. Wakati mmoja mwalimu mwenzangu chuoni, kijana mwenye uchungu wa kweli, alishikilia kwamba majumba yote ya wakoloni yabomolewe, na mawe yake yajengee vyoo vya shule. Nilimjibu kwamba hapo utakuwa mgumu mtihani wa wanafunzi wetu, maana tutawaambia walitawaliwa bila kuwaonyesha hata dirisha moja la mtawala. Hatukuafikiana. Lakini wote wawili tulikubali kwamba ni afadhali jambo hilo lijadiliwe kuliko kuamuliwa usiku na mwenye tingatinga.

Nitoe mfano wa jengo ninalolijua zaidi, yaani soko la Kariakoo.

Jumba la kwanza mahali pale lilijengwa na Wajerumani muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 walipafanya kambi ya wapagazi wa jeshi lao, waliojulikana kwa Kiingereza kama Carrier Corps, na ulimi wetu ukalipokea jina hilo kwa namna yake: Kariakoo. Vita vilipokwisha, likawa soko. Ndilo soko nililotumwa na bibi yangu kununua nazi na mchicha, nikirudi na chenji imehesabiwa mara mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilivunjwa. Mahali pake Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, alisanifu soko jipya lililofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975. Wasomaji wengi wanalijua: nguzo za zege zilizotanuka juu kama miavuli iliyogeuzwa, ili paa lipokee mvua na kuiteremsha kwenye matangi, na chini yake ile sehemu ya shimoni walipouza watu wa jumla.

Je, Amuli alifuta historia? Kwa maana moja, ndiyo. Jumba lililolala wapagazi halipo. Wakati ule sikumsikia mtu hata mmoja mtaani kwetu akililia. Nchi ilikuwa changa, tulitaka kuona kilichochorwa na mkono wetu, na kipya kinyemi ingawa kidonda. Wapagazi wenyewe walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na sidhani kama walilipenda jumba lile. Hata hivyo, miaka ya baadaye wanafunzi waliponiuliza jumba hilo lilikuwaje, nilijikuta napunga mikono hewani. Niliingia humo mara mamia, lakini sikuweza kulichora. Kilichobaki ni jina. Kila dereva wa daladala aliyewahi kuita abiria wa Kariakoo aliwataja wapagazi wale bila kujua. Sijui mnara mwingine mjini unaotajwa mara nyingi kiasi hicho, na hakuna msanifu aliyeuchora.

Kisha usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko la Amuli likaungua. Asubuhi yake nilipigiwa simu na watu wa rika langu wakizungumza kwa sauti za kilio, wale wale ambao hawakutoa chozi jumba la zamani lilipovunjwa. Katika miaka 46 kipya kilikuwa kimekuwa cha kale, na sisi hatukuiona siku kilipovuka mpaka. Serikali iliamua kulikarabati jengo lile na kujenga jingine kando yake, nami nafurahi kwamba haikuchagua kulisawazisha na ardhi. Hapo nilijifunza kwamba siku ya uzinduzi hakuna anayejua kama kilichofunguliwa ni duka tu au ni urithi. Msanifu mwenyewe hajui. Basi si haki kumdai aheshimu ya jana bila kukumbuka kwamba anachora ya jana ya watu wengine.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuhifadhi, yaani kuchagua majengo bora na kuyalinda. Ni kweli, lakini anayechagua cha kuhifadhi anachagua pia cha kuacha. Mwaka 1994 niliwapeleka wanachuo wangu Unguja kwa ziara ya mafunzo. Tulizunguka Mji Mkongwe, tukastaajabia milango, tukasimama mbele ya Nyumba ya Maajabu aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Mchana tulivuka kwenda Ng'ambo, ambako ndiko walikoishi watu wengi wa mji, kwa sababu nilitaka waone maghorofa ya Michenzani. Yalisanifiwa na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, na yalijengwa hasa katika miaka ya 1970. Ni marefu ajabu, yamenyooka kama rula pande za barabara mbili zinazokutana kwenye mzunguko. Ili yasimame, nyumba nyingi za udongo na makuti ziliondolewa. Nia haikuwa mbaya hata kidogo. Watu waliokuwa wakichota maji kwa ndoo walipewa maji, umeme na choo ndani.

Mama mmoja mkaazi wa pale alitukaribisha kwa uungwana wote wa Kiunguja. Mwanachuo wangu alimwuliza kama alifurahi kuhamia ghorofani. Alifikiri kidogo, akasema, "Mfereji nimeupata, mwanangu. Baraza sina." Hakulalamika wala hakusifu. Alitupa hesabu yake tu, na mimi tangu siku ile nimekuwa nikiitumia kupimia majengo. Msanifu aliona kwamba nyumba ya udongo haina bomba, na alikuwa na haki. Hakuona kwamba ina baraza, kwa sababu katika ramani baraza ni mstari mmoja mfupi mbele ya mlango. Mfereji huhesabika. Mtu anayepita alasiri, akaketi, akasema mtoto wako nimemwona amekaa na watu wabaya, huyo hahesabiki.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, nasi sote tulijivunia. Ng'ambo haikuingia, kana kwamba historia ilikomea ukingoni mwa ule mkono wa bahari uliofukiwa. Ilichukua miaka kabla ya wapangaji miji wa Zanzibar, wakishirikiana na wasanifu, kwenda Ng'ambo na kuwauliza wenyeji ni mahali gani wanapathamini. Mimi nalihesabu zoezi hilo kuwa kubwa kuliko ukarabati wa jumba lolote. Maana hata kuorodheshwa peke yake hakushikilii ukuta: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Nyumba ya Maajabu iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wakapoteza maisha.

Na sheria je? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ililinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye yalihitaji kutangazwa rasmi. Sasa tazama: Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sultani Majid katika miaka hiyo ya 1860, na Boma la Kale, ambalo ni miongoni mwa majengo yake ya mwanzo kabisa, ni la 1866 na 1867. Karibu mji mzima ulizaliwa upande wa pili wa mstari. Sheria hiyohiyo ilitaja pia milango na fremu za milango zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Nilipolisoma hilo nilikiweka kitabu chini, nikatoka nje kupunga upepo. Msomaji ataelewa sababu punde si punde.

Bibi yangu mzaa mama alijenga nyumba Kariakoo, Mtaa wa Swahili, mwaka 1938. Aliijenga kwa vitumbua. Sisemi kwa mafumbo: aliuza vitumbua alfajiri na maandazi jioni, na kila fedha ilipotosha alinunua miti, au akamlipa fundi siku moja ya kukandika. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya Kiswahili, yenye vyumba 6, vitatu kila upande, ukumbi katikati, na nyuma ua wenye jiko, bafu na choo. Mbele ilikuwa na baraza ya saruji nyekundu, na mlango wenye fremu iliyochongwa maua mepesi, kazi ya fundi ambaye bibi alimlipa kwa miezi 8. Vyumba vinne alipangisha. Palikaa muuza samaki wa Kizaramo, fundi cherehani wa Kingazija, na karani wa reli aliyenifundisha kusoma gazeti. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954, na Bibi Titi Mohamed akawa anawahimiza wanawake kupitia vikundi vyao vya ngoma, baraza ile ilijaa akina mama jioni. Nilikuwa mtoto, nililala nikiwasikia. Kadi ya TANU ya bibi ilikaa ndani ya kopo la majani ya chai hadi alipofariki mwaka 1989.

Warithi tulikuwa 7, nami ndiye mkubwa. Mwaka 1998 mfanyabiashara mmoja alitaka kiwanja. Bei aliyoitaja hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiona maishani. Nyumba yenyewe ilikuwa imechoka, na kodi ya wapangaji haikutosha kununua mabati. Wapo waliokuwa na watoto wa kulipiwa ada, na dada yangu alikuwa na deni la hospitali. Tulikaa kikao, tukakubaliana. Mpaka leo sijutii kuuza. Anayesema kwamba maskini akae ndani ya historia yake inayovuja ili wengine wapite kuipiga picha, na aje alale humo yeye masika moja.

Mnunuzi alimtuma msanifu wake kuja kupima. Alipoingia alisimama mlangoni, akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nilimfundisha Historia, kidato cha tatu na cha nne, baadaye alisomea usanifu majengo Chuo cha Ardhi. Nilifurahi kumwona. Alipima kiwanja, akaandika tarakimu zake. Kisha badala ya kuondoka akasimama ukumbini, akitazama juu ya boriti, akagusa fremu ya mlango, akaenda uani na kurudi.

"Mwalimu," akasema, "naomba siku 3 kabla hamjabomoa. Nitakuja na vijana wawili, tuipime nyumba yote, tuichore na kuipiga picha. Sitadai hata senti. Za namna hii, ambazo hazijaguswa, zimebaki chache."

Mnunuzi alikuwa ameahidi kulipa Jumatatu akikuta kiwanja kitupu, na siku ile ilikuwa Alhamisi. Lakini nisijifiche nyuma ya kalenda. Nadhani niliona pia kama kijana ananifundisha somo langu mwenyewe mbele ya wadogo zangu. Nikamjibu, "Mwanangu, wewe umeitwa uchore kitakachojengwa. Kinachobomolewa tunakijua wenyewe."

"Sawa, Mwalimu," akasema, akaikunja futi yake.

Utii ule nilimfundisha mimi. Jumamosi mafundi walianza na mabati, Jumapili jioni pakawa kifusi. Fremu ya mlango ilichukuliwa na mtu wa vitu vya kale kwa fedha ya kununulia magunia machache ya mchele. Iko wapi, sijui. Pengine imesimama katika hoteli fulani, wageni wanapita chini ya maua ya bibi yangu. Sheria ilikuwa inaulinda mlango ule. Mwalimu wa Historia hakuulinda.

Chuoni kwangu nilikuwa na kanuni moja ambayo kila mwanachuo aliyepita mikononi mwangu anaikumbuka. Katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo aliyefuta ubao kabla wanafunzi hawajamaliza kunakili nilimpunguzia alama, hata kama somo lake lilikuwa zuri namna gani. Niliwaambia: ubao lazima ufutwe, la sivyo somo la pili litaandikwa wapi? Kosa si kufuta. Kosa ni kugeuka na kifutio mkononi bila kuangalia nyuma kama waliokaa mwisho wamemaliza. Kanuni hiyo niliisema kwa miaka mingi, na siku nilipotakiwa kuitimiza kwa siku 3 tu, nilikuwa na haraka.

Sasa naweza kulijibu swali langu. Msanifu majengo si mwenye kiwanja, wala si Serikali, wala si mrithi. Mara nyingi ni kama karani anayeandika barua ya mtu mwingine. Lakini ana jambo moja ambalo wengine hatuna: yeye anajua kusoma jengo. Sisi tuliokaa ndani tuliona ukuta. Yeye aliona namna ulivyokandikwa, boriti zilivyolazwa, upepo ulivyoingizwa kutoka uani hadi barazani. Anayejua kusoma, akikuta maandishi yanataka kufutwa, ana wajibu wa kuyasoma kwa sauti walio karibu wasikie. Akikaa kimya ili asipoteze kazi, hapo ana kosa, na kosa hilo ni lake. Akisema nasi tukamnyamazisha, kosa limehama. Katika nyumba yetu lilihama, na najua lilikohamia.

Miaka michache iliyopita nilikutana naye tena, msibani kama kawaida. Naye sasa ana mvi. Wazee wenzangu walikuwa wameshafika kwenye hukumu yetu ya wachora ramani, nikawaambia kwamba mmoja wao huyu hapa, na nikawaeleza yaliyotokea. Nilitegemea atanipunguzia mzigo kwa adabu. Alicheka kidogo, akasema, "Tangu siku ile, Mwalimu, napima kwanza, naomba ruhusa baadaye." Akaniambia ana kabati limejaa ramani za nyumba ambazo hazipo tena, na kwamba hakuna ofisi iliyowahi kuziomba.

Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia. Kibali cha kubomoa kisitolewe mpaka jengo liwe limepimwa, limechorwa na kupigwa picha, na nakala imewekwa mahali ambapo mtoto wa shule anaweza kwenda kuiona. Hilo halimzuii mwenye mali kuuza, wala mji kukua, na gharama yake ni siku 3 za vijana wawili wenye futi. Na wewe msomaji, ukiwa mrithi wa nyumba hata ya vyumba viwili, usimsubiri msanifu. Chukua karatasi, waite wazee waliobaki, mkubaliane mlango ulikuwa wapi.

Nasema hivyo kwa sababu mwaka jana mjukuu wangu alipewa kazi shuleni ya kuchora nyumba ya mababu zake. Alinijia na rula na penseli. Nilichora baraza, ukumbi na ua bila shida. Nilipofika chumba cha bibi nilikiweka kushoto, kisha nikasita, nikampigia simu dada yangu. "Kulia, kaka," akasema, "jua la asubuhi lilikuwa likimpiga usoni." Nikamwuliza kama kulia kwake ni kwa anayeingia au anayetoka. Akanyamaza kwa muda mrefu, akasema hata hilo hana hakika nalo. Katika wale warithi 7 tumebaki wawili, hakuna wa kutuamua.

Nikachora chumba kushoto, na kulia pia nikachora kwa nukta nukta. Mtoto akatazama, akaniuliza, "Babu, bibi alikuwa na vyumba viwili?"